Robo ya Mteremkoni

Mwaka ule wa vikwazo, magari ya mtaa wa Jabe yalilala yakitazama ziwa. Betri zilikuwa zimekufa na mpya hazikuvuka mpaka, basi kila mwenye gari alijifunza adabu moja: ukirudi nyumbani unaligeuza, unaliinamisha pua kwenye mteremko, unaweka jiwe mbele ya gurudumu, ndipo unaingia ndani. Asubuhi unatoa jiwe, gari linaserereka lenyewe, unatia gia, injini inakohoa na kuamka. Mtoto aliyezaliwa vita vikiwa vimeshaanza angeweza kudhani gari ni mnyama wa kulala kichwa chini, kama popo.

Kigari cheupe cha Bader bin Muhanna kilikuwa kati ya hayo. Kwa miaka kumi na mitatu hakuna mwingine aliyegusa usukani wake. Bader alikuwa na duka la vitambaa, na kigari ndicho kilichobeba majora, wageni, na siku za Idi, masinia ya jirani. Kisha ikaja Ramadhani. Usiku wa kumi na saba Bader alisimama kwenda kunawa, akaanguka. Upande wake wote wa kulia ukafa, na maneno yakaenda nao. Lilibaki neno moja, kama si neno: “ta.”

Tangu hapo aliyeendesha ni mkewe, Sheikha. Aliwahi kufundishwa zamani, wakati binti yao Nura akiwa mchanga, na sasa Nura alikuwa mke wa mtu, nchi ya mbali ambayo simu yake ilikuja mara moja kwa mwezi. Sheikha alikuwa na miaka hamsini na minne. Alikuwa amechoka mwaka mzima ule kwa namna ambayo usingizi haukuitibu, kwa sababu usingizi wenyewe ulikuwa wa vipande: milima ikinguruma kwa mizinga huko juu, Bader akigeuzwa ubavu saa saba, akigeuzwa tena saa kumi.

Kila Jumatano alimpeleka Kiriri, mlimani, kwa masista waliokuwa wakinyoosha viungo vya wagonjwa. Jumatano hiyo aliamka akijua kwamba ni ya mwisho, au huenda ni ya mwisho. Maana Jumapili alikuja Adil, mdogo wake Bader. Alikunywa chai, akatazama ukutani, kisha akasema alilokuja kulisema.

“Shemeji, mi sisemi kwa ubaya. Kaka amebaki mwili. Unamwuliza njaa, ta. Unamwuliza maumivu, ta. Hata mutoto wa mwezi mmoja ana kilio cha njaa na kilio cha usingizi.”

“Anaelewa,” alisema Sheikha.

“Wewe ndiye unayeelewa, halafu unamgawia yeye. Jitazame. Umebaki mifupa. Jumamosi kuna msafara wenye askari unashuka Rumonge. Nyumba ya dada Maha ni kubwa, kuna wasichana wa kazi, kuna upepo. Akae huko. Wewe ukae na duka.”

“Nimeolewa na duka?”

Adil hakucheka. “Nionyeshe jambo moja. Moja tu analolielewa yeye mwenyewe, bila wewe kumfasiria. Wallahi sitamgusa.”

Wakati wote huo Bader alikuwa palepale kwenye kiti chake, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Walizungumza juu yake kama watu wanavyozungumza juu ya kabati ambalo haliingii mlangoni. Sheikha alipokumbuka hilo baadaye aliona haya, maana hata yeye hakuwa amemgeukia na kumwuliza, “Na wewe, unasemaje?” Ukweli aliouficha hata kwenye dua zake ni kwamba alikuwa ameanza kumwamini Adil.

Asubuhi ya Jumatano, basi, alimvika Bader shati safi, na Byamungu akamwinua kumpeleka garini. Byamungu alikuwa mpangaji wao, Mkongomani wa Bukavu, mtu mzima mwenye mabega mapana, aliyekodi chumba cha uani na kutengeneza redio. Alimkalisha Bader kiti cha mbele, upande wa kulia, maana usukani ulikuwa kushoto, akaukunja mkono wake uliokufa juu ya paja taratibu, kama mtu anayekunja nguo ya mwenzake.

Sheikha alizungusha ufunguo. Taa hazikuwaka, ila mshale wa mafuta ulipata nguvu kidogo ya kupanda. Ukapanda, ukatetemeka, ukasimama kwenye robo.

“Robo,” alisema. Robo ya tangi lile ni lita kumi hivi. Lita kumi zinakwenda Kiriri na kurudi mara nyingi. Lakini Jumatano mbili mfululizo mshale ulikuwa umeonyesha robo hapa nyumbani, na kabla ya kufika kwa masista umeanguka hadi sifuri, gari likikata pumzi. Mara zote mbili alikuwa amesukumwa na wapita njia mpaka mlangoni kwa masista, na wakati wa kushuka hakuutazama tena mshale.

Mara ya kwanza alimlaumu Lisette, aliyeuza mafuta ya magendo kwenye kona, katika chupa za maji za lita mbili.

“Esanse yangu iko na maji?” Lisette alishika kiuno. “Mama Nura! Mi nilivuka na hizi chupa kwa mgongo toka Uvira, halafu nizitie maji? Kama ningetaka kuuza maji, ziwa liko pale chini, bure!”

Mara ya pili hakumlaumu mtu kwa mdomo. Alianza tu kufunga kifuniko cha tangi kwa kufuli na kulala na ufunguo wake chini ya mto. Nani mwingine alikuwa na mpira wa kunyonyea mafuta pale uani? Nani alikuwa akinuka mafuta jioni, kwa taa yake ya kibatari na pasi yake ya kulehemu? Byamungu aliiona kufuli mpya. Tangu siku hiyo hakuingia tena jikoni kuomba moto, alinunua kiberiti.

“Twende sote leo, Byamungu,” Sheikha alisema. “Likikata tena, nipate wa kulisukuma.”

“Sawa, Mama.” Alitoa jiwe, akasukuma, akarukia kiti cha nyuma gari likiwa limeshaanza kuserereka.

Chini ya mteremko, kabla ya kukata kona kwenda barabara kubwa, palikuwa na kijiuwanja mbele ya mashine ya kusaga ya Jovithe. Walipofika hapo, Bader aliinua mkono wake wa kushoto akagonga kioo cha dashibodi mara mbili. “Ta, ta.”

“Utamsalimia Jovithe tukirudi,” Sheikha alisema bila kugeuka. Ilikuwa hivyo kila Jumatano. Bader alikuwa na mazoea ya kusimama hapo hata zamani za uzima wake; alisimamisha gari dakika moja, akainama mbele kidogo, akaendelea. Sheikha aliamini siku zote kwamba alikuwa akimpungia Jovithe.

“Ta!” Bader aligonga tena, kwa nguvu.

“Tumechelewa, baba.”

Walipita barabara kubwa, wakapita kizuizi cha kwanza, wakaanza kupanda. Barabara ya Kiriri haipandi kwa upole. Sheikha aliuona mshale ukishuka kama mtu anayeketi kwa uchovu: ukaacha robo, ukaacha mstari mdogo wa chini yake, ukalala kwenye sifuri. Injini ikakohoa mara tatu. Kimya. Byamungu alikuwa ameshatoka kabla gari halijaanza kurudi nyuma. Alitia jiwe nyuma ya gurudumu na kusimama akihema.

Hatua hamsini chini yao askari wa kizuizi cha pili, ambacho walikuwa wamekipita punde, alipaza sauti: “We mama! Hapo si pa kusimama! Ondoa!”

“Yameisha!” Sheikha alijibu, na sauti yake ikavunjika. “Yameisha, yameisha.” Aliweka paji la uso juu ya usukani. Hakulia. Alifikiri tu kwamba Jumamosi ingekuja, na kwamba labda ingekuwa nafuu, na wazo hilo la nafuu ndilo lililomuuma.

Kitu kikamgusa bega. Ulikuwa mkono wa Bader. Alipoinua kichwa, mkono ule ulikuwa umenyooshwa mbele ya macho yake, kiganja chini, kimelala sawasawa kama meza. “Ta,” alisema Bader. Kisha akauinamisha: vidole juu, kiganja nyuma. Akakunja uso, akatikisa kichwa. Kisha akauinamisha upande mwingine: vidole chini. Akaitikia kwa kichwa. Akarudia. Vidole juu, hapana. Vidole chini, ndiyo.

“Unataka nini, Bader? Unaumwa mkono?”

“Apana, Mama,” Byamungu alikuwa ameinama dirishani, na macho yake yamefunguka. “Apana, ngoja. Muzee anaongea gari. Angalia. Hii ni gari,” akaonyesha kiganja chake mwenyewe. “Pua juu, apana. Pua chini, ndiyo. Muzee, tugeuze?”

Bader alifumba macho, kama mtu aliyetua mzigo, akaitikia.

Kigari kilikuwa chepesi. Byamungu na wachuuzi wawili wa makaa waliokuwa wakishuka walikisukuma mpaka kikakingama barabarani, kisha kikageuka pua kwa ziwa. Sheikha, ameshika usukani, aliutazama mshale. Ukaamka. Ukapanda pole pole kutoka sifuri mpaka robo, na hakuna mtu aliyekuwa ametia hata tone.

“Subhanallah,” alinong’ona.

“Sinia, Mama,” alisema Byamungu, mkono bado juu ya paa la gari. “Mchuzi ukiwa mdogo kwa sinia, ukiinamisha, unakimbilia upande moja. Tangi ni sinia. Boya linaloinua mshale liko upande wa mbele, na bomba la kunyonya liko mbele. Nyumbani gari inalala pua chini, mafuta yote yamekimbia mbele, mshale unasema robo. Hapa pua iko juu, mafuta yako nyuma, mshale unasema sifuri, na injini haipati kitu. Mafuta ni yaleyale.”

Sheikha alikuwa amegawa masinia maisha yake yote. Aliona kila kitu kwa mara moja: mchuzi ukikimbilia ukingoni, mgeni wa upande huo akidhani amekirimiwa sana, wa upande huu akidhani amepunjwa.

“Kwa hiyo robo haikuwa robo.”

“Haikuwa. Na sifuri haikuwa sifuri.”

“Na hakuna aliyeiba.”

Byamungu alitazama ziwa. “Mi sikusema kitu, Mama.”

Sheikha alifungua mkoba, akatoa ufunguo wa kifuniko cha tangi, akamnyooshea kupitia dirisha. Byamungu aliutazama muda kidogo kabla ya kuupokea.

“Basi turudi nyumbani,” alisema Sheikha. “Kupanda hatuwezi.”

“Ta!” Mkono wa kushoto wa Bader ulikuwa juu ya kirungu cha gia. Alikisukuma, akakivuta, akakitia mahali pa gia ya kurudi nyuma. Kisha akanyoosha kidole gumba juu ya bega lake, kuelekea mlimani.

Sheikha alielewa, akaanza kucheka. Hakuwa amecheka tangu Ramadhani, na kicheko kilitoka kikiwa na kutu. “Kinyumenyume? Mpaka kwa masista?”

“Ta,” alisema Bader, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda.

Hivyo ndivyo mke wa Bader bin Muhanna alivyopanda Kiriri siku ile. Gari liliserereka kidogo, likawaka, akashika breki, akatia gia ya nyuma, na kigari kikaanza kupanda mlima kwa matako, pua yake ikiwa bado chini kama kinavyopenda kulala. Shingo ya Sheikha ilisokotwa mpaka ikalia. Byamungu alitembea nyuma akipunga mikono, kushoto Mama, kushoto, polepole. Askari alipanda mbio kuja kuwazuia, akasahau alichotaka kusema.

“Mama, gari yako inaogopa mlima?”

“Inauheshimu,” Sheikha alimjibu. “Haiupi mgongo… aa, inaupa mgongo tu.”

Askari alicheka mpaka akashika bunduki yake isianguke. Alikuwa kijana bado, na uso wake, ulipocheka, ulikuwa uso wa mtu ambaye mama yake alikuwa akimngoja mahali fulani.

Waliporudi, saa sita mchana, Sheikha hakungoja kugongewa kioo. Alisimama mwenyewe mbele ya mashine ya Jovithe, kwenye tambarare, na kuinama mbele, kama alivyomwona Bader akiinama miaka yote ile. Mshale haukuwa kwenye robo, wala kwenye sifuri. Ulilala kwenye ule mstari mdogo usio na namba, katikati ya viwili hivyo.

“Hapa ndipo ulipokuwa ukiusoma mshale,” alimwambia. “Hukuwa ukimpungia Jovithe hata siku moja.”

“Ta,” alisema Bader.

“Na mimi nikikupitisha tu kila Jumatano.”

Bader alikuwa ameshalala, kichwa kwenye kioo.

Ijumaa, baada ya swala, Adil alikuja akiwa amevaa kanzu, mfuko wa safari mkononi, tayari kwa msafara wa kesho yake. Sheikha alikuwa amemtoa Bader nje na kumkalisha garini, naye akaketi kwenye usukani. Byamungu alisimama kando na mpira wake wa kunyonyea, na Lisette alikuwa ameitwa na chupa tupu tatu, na kwa kuwa aliitwa, alikuja na maneno pia.

“Bwana Adil, leo watakuonyesha sinema.”

“Ulitaka jambo moja,” Sheikha alimwambia Adil. “Mwulize mwenyewe. Mwulize tangi lina chupa ngapi. Mi sitafungua mdomo.”

Adil aliinama dirishani, akautazama mshale. Robo. Akapaza sauti, kama watu wanavyowapazia wagonjwa na wageni. “Kaka! Mafuta! Yako kiasi gani?”

Bader hakutazama mshale. Alinyoosha mkono kuelekea chini ya mteremko.

Adil alinyooka. “Unaona, shemeji? Namwuliza mafuta, ananionyesha barabara.”

Sheikha alikuwa ameahidi kunyamaza. Alinyamaza kwa nguvu mpaka taya zikamuuma. Hakujua kama Jumatano ilikuwa bahati tu, mwanga uliopita dirishani na kwenda zake.

“Ta,” alisema Bader, kidole bado barabarani. “Ta. Ta.”

“Muzee anataka gari ifike kwa Jovithe,” Byamungu alisema.

“Na wewe umekuwa mkalimani?”

“Basi usinisikie mimi. Toa jiwe, uone.”

Adil alisita. Kisha, labda kwa kuchoka kubishana, akalipiga jiwe teke. Gari likaserereka bila injini, Sheikha akiwa kwenye usukani, wengine wakilifuata kwa miguu, mpaka kwenye kijiuwanja mbele ya mashine. Hapo Bader alivuta pumzi. Aligonga kioo mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya rafiki. Mshale ukatikisika, ukatulia. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akainua mkono mbele ya uso wa mdogo wake: vidole vitatu. Akafikiri, akakikunja kimoja katikati.

“Mbili na nusu,” alisema Lisette. “Haya, tuone.”

Byamungu alifungua kifuniko kwa ufunguo wake, akaingiza mpira, akavuta kwa mdomo, akatema. Chupa ya kwanza ikajaa. Ya pili ikajaa. Katika ya tatu mafuta yalipanda polepole, yakawa mkondo mwembamba, yakawa matone, na mpira ukakohoa hewa. Lisette aliinua chupa juani. Mafuta yalikuwa yamefika kwenye karatasi ya jina la maji, kidole kimoja chini ya nusu.

“Kidole kimoja,” Byamungu alisema, akijifuta midomo. “Hicho kimebaki kwa pembe za tangi.”

Adil aliichukua chupa, akaitazama, akamtazama kaka yake. Uso wake ulikuwa umebadilika. Mashine ya Jovithe ilikuwa ikinguruma na vumbi la unga likawatulia wote mabegani, na hakuna aliyejipangusa.

“Alisikia yote,” Adil alisema mwishowe. “Jumapili. Alisikia nilivyosema.”

Sheikha alipitisha mkono mbele ya Bader, akamfungulia Adil mlango.

Adil aliuzunguka mlango, akachuchumaa kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, mpaka uso wake ukawa sawa na wa Bader. Safari hii hakupaza sauti. “Kaka. Unataka kwenda Rumonge?”

Bader alimtazama. Mkono wake wa kushoto ukateremka pole pole, ukapita paja, ukaishika breki ya mkono iliyokuwa kati ya viti. Akaivuta mpaka ikalia kwa meno yake yote.

Lisette ndiye aliyecheka kwanza. “Amekujibu, Bwana Adil! Na kwa Kiswahili safi!”

Adil alifuta macho kwa mkono wa kanzu na kubaki amechuchumaa pale kwa muda. Byamungu alikuwa akirudisha mafuta tangini, chupa baada ya chupa, bila kumwaga. Sheikha aliegemeza kichwa kwenye kiti. Alikuwa amechoka vilevile. Kesho mkate ungekuwa wa kupigania, usiku milima ingesema tena, na saa saba angeamka kumgeuza ubavu. Lakini angeamka kumgeuza mtu, na kabla ya kumgeuza angemwuliza upande gani.

“Sasa,” alisema, “gari liko tambarare. Halitawaka hapa. Inabidi lirudi juu nyumbani likalale pua chini.”

Wote wakautazama mteremko, ambao kutoka pale ulikuwa mpando. Bader akaiachia breki.

Adil alisimama, akauweka mfuko wake wa safari juu ya kiti cha nyuma, akakunja mikono ya kanzu, na kwenda kusimama nyuma ya gari, bega kwa bega na Byamungu.